Maana saba, mizizi mitano: neno "mole" la Kiingereza

Mwanafunzi wa sekondari anayesoma kemia kwa Kiingereza hukutana na neno "mole" likiwa kipimo cha kiasi cha dutu. Akifungua kamusi ili apate maana yake kwa Kiswahili, aghalabu anachokipata kwanza ni mnyama, yaani fuko. Akiendelea kusoma atakuta doa jeusi la ngozini, kisha ukuta wa mawe unaojengwa kuingia baharini ili kuikinga bandari. Katika kamusi kubwa zaidi neno hilohilo linamtaja jasusi aliyejipenyeza ndani ya idara ya adui, mimba iliyoharibika kwa namna ya pekee, na mchuzi mzito wa Mexico. Hizo ni maana saba zilizobebwa na herufi nne, na msomaji ana haki ya kuuliza kama ni neno moja lililotanuka kwa karne nyingi au ni maneno mbalimbali yaliyokutana sura tu.

Yote mawili yametokea kwa pamoja, na ndiyo maana neno hili linafaa kuchunguzwa kwa utulivu. Maana hizo saba zinatoka kwenye mizizi mitano isiyo na udugu: miwili ni ya Kijerumaniki, yaani ukoo wa lugha ambamo Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi ni ndugu, miwili ni ya Kilatini, na mmoja ni wa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, watu wa kale wa Mexico. Kinachowashangaza wengi ni kwamba mgawanyo huo haufuati ukaribu wa maana. Kipimo cha kemia na ukuta wa bandari, ambavyo havionekani kuwa na lolote la kushirikiana, ni mtu na ndugu yake, ilhali doa la ngozini na uvimbe wa mimba, ambavyo vyote ni mambo ya mwili na vyote humpeleka mtu hospitali, havina uhusiano wowote wa asili.

Wanaisimu hutenganisha hali mbili hapa. Polisemia ni hali ya neno moja kuwa na maana kadhaa zilizochipuka kutoka maana moja ya awali, kama tunavyosema kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha treni. Homonimia ni hali ya maneno yenye asili tofauti kujikuta na umbo moja. Mtunga kamusi makini huzionyesha kwa mpangilio wenyewe: maana za polisemia huzipanga kwa namba chini ya kidahizo kimoja, yaani neno kuu linalofafanuliwa katika kamusi, na homonimu hupewa kila moja kidahizo chake. Kiswahili kinazo homonimu za kutosha. Kaa la moto, kaa wa baharini na kitenzi kaa ni maneno matatu ya Kibantu yaliyokuwa na sauti l katikati au sauti iliyo jirani nayo. Kilingala bado husema makala kwa makaa, Kizulu humwita kaa wa majini inkala, na Kikuyu husema ikara kwa maana ya kukaa. Kiswahili kilipoiangusha sauti hiyo kati ya irabu, na kilipoacha kutofautisha maneno kwa toni, yote matatu yakaishia mahali pamoja. Kuanzia hapo mtu hawezi kujua historia yake kwa kuyatazama tu; inambidi arudi nyuma, aangalie maumbo ya zamani na lugha dada.

Kwa "mole" njia ni hiyohiyo, na doa ndilo lenye njia iliyonyooka kuliko zote. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa hadi karibu mwaka 1100, kulikuwa na neno "māl", lenye maana ya doa au waa, hasa kwenye kitambaa. Lina ndugu katika Kijerumani cha kale, "meil", doa, na katika Kigothi, "mail", kunyanzi. Umbo lake la leo linaelezwa na kanuni ya mabadiliko ya sauti isiyobagua: irabu ndefu "ā" ya Kiingereza cha kale iligeuka kuwa "o", na ndiyo iliyofanya "stān" kuwa "stone", jiwe, "bān" kuwa "bone", mfupa, na "hām" kuwa "home", nyumbani. "Māl" lilipita mlango huohuo likatoka likiwa "mole". Maana ya alama ya ngozini ilishika nafasi katika karne ya 14. Ushahidi wa namna hii ndio wenye nguvu, kwa sababu hautegemei mtu kuona kwamba maana mbili zinafanana. Unategemea utaratibu ambao maneno mengine mengi yameufuata.

Mnyama ana historia yenye vumbi zaidi. Waingereza wa zamani walimwita "moldwarp", neno la vipande viwili: "molde", udongo, na kitenzi cha kurusha, hivyo huyu ni mrusha udongo. Kijerumani kina "Maulwurf" kwa mnyama yuleyule, na neno hilo ni funzo kubwa kwa yeyote anayependa kubahatisha asili ya maneno. Umbo la zamani lilikuwa "mūwurf", mrusha lundo. Kipande cha kwanza kilipoacha kueleweka, wasemaji walikitengeneza upya kwa neno la udongo, na baadaye kwa "Maul", mdomo wa mnyama, hadi leo Mjerumani akadhani fuko hurusha udongo kwa mdomo, jambo ambalo fuko wa Ulaya halifanyi hata kidogo, kwa kuwa huchimba kwa viganja vya mbele. "Mole" fupi linaonekana katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 14, likifanana na "mol" la Kiholanzi. Wapo wanaisimu wanaolichukua kuwa ni ufupisho wa "moldwarp", na wapo wanaoliona kuwa ni neno la kujitegemea lililo ndugu wa lile la Kiholanzi. Mimi naona hoja ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu ufupisho peke yake hauelezi vizuri kwa nini umbo hilohilo liko ng'ambo ya pili ya bahari.

Ulinganifu wa maneno haya mawili ya kwanza ulikuwa umekamilika kufikia wakati wa Shakespeare, na tamthilia yake ya Hamlet inatupa mfano wa karibu. Katika onyesho la nne la tendo la kwanza, Hamlet anazungumzia watu ambao kasoro moja ya kuzaliwa nayo huwachafulia sifa zao zote, na kasoro hiyo anaiita "mole" ya maumbile, yaani doa. Katika onyesho linalofuata, mzuka wa baba yake unapiga kelele kutoka chini ya jukwaa, mara upande huu mara ule, naye anauita "mole" mzee na kustaajabia jinsi unavyochimba upesi ardhini. Hapo ni fuko. Mwandishi yuleyule, mhusika yuleyule, kurasa chache zimepita, na maneno mawili yasiyojuana yameandikwa na kutamkwa sawasawa bila kumchanganya msikilizaji, kwa kuwa muktadha unayatenganisha. Mistari ile ya kwanza imo katika toleo la 1604 na 1605, lakini haimo katika toleo kubwa la 1623.

Kabla ya kumwacha mnyama, inafaa kusema kwamba fuko wetu si "mole" wa Waingereza. Familia ya fuko wa Ulaya, ambayo makao yake ni Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, haipo Afrika kusini mwa Sahara. Yule wa Ulaya hula minyoo na wadudu. Fuko anayewatia hasara wakulima wa viazi na mihogo Afrika Mashariki ni mgugunaji, wa upande wa panya, na wengi wa jamii yake huchimba kwa meno ya mbele. Katika jamii hiyo yumo yule asiye na manyoya, anayepatikana Kenya, Ethiopia na Somalia, anayeishi katika makundi yenye malkia mmoja na ambaye umri wake unaweza kupita miaka 30. Tena wapo wanyama wengine wa Afrika wenye manyoya ya kung'aa kama dhahabu, ambao Kiingereza nao huwaita "mole", na hao kwa ukoo wako karibu zaidi na tembo kuliko na fuko wa Ulaya. Maisha ya chini ya ardhi yamewapa wote umbo moja, na kwa jicho la mpita njia ni mnyama mmoja.

Jasusi ametoka kwa mnyama huyu, na hapa hatuna mzizi mpya bali polisemia tupu: anayefanya kazi gizani chini ya miguu ya watu, na ambaye uharibifu wake huonekana akiwa ameshapita. Francis Bacon aliutumia mfano huo mwaka 1622 katika historia yake ya mfalme Henry wa Saba, alipowaeleza watu waliokuwa wakimchimba mfalme chini kwa chini. Lakini matumizi ya leo, ya ofisa anayefanya kazi kwa miaka katika idara ya nchi moja huku akiitumikia nyingine, yalienezwa na John le Carré, ambaye aliwahi kufanya kazi katika ujasusi wa Uingereza, kwa riwaya aliyoitoa mwaka 1974. Wakati huo kumbukumbu ya Kim Philby, aliyetorokea Moscow mwaka 1963 baada ya kuitumikia Urusi kwa siri akiwa ndani ya ujasusi wa Uingereza, ilikuwa bado mbichi. Ndiyo sababu kamusi haimpi jasusi kidahizo chake. Humweka chini ya fuko, kama maana ya pili au ya tatu.

Sasa tuje kwenye Kilatini, ambako jambo linanoga zaidi. Warumi walikuwa na neno "mōlēs", lenye irabu ndefu, kwa maana ya tungamo, rundo zito, jengo kubwa. Kaburi la mfalme Hadrian huko Roma liliitwa hivyo. Kutoka hapo, kupitia Kifaransa na Kiitaliano, Kiingereza kilipata katika karne ya 16 "mole" ya baharini: tungamo la mawe lililotupwa na kupangwa majini ili kuyavunja mawimbi na kuzipa meli utulivu. Kilatini hichohicho kilitengeneza kitenzi cha kubomoa, ambacho Kiingereza kimekipokea kama "demolish", kulivunja tungamo. Maneno haya mawili yalikutana kwa vitendo huko Tangier, mji wa pwani ya Moroko. Waingereza, waliokuwa wameupokea mji huo kama sehemu ya mali aliyokuja nayo bibi harusi, Catherine wa Braganza wa Ureno, alipoolewa na mfalme wao Charles wa Pili, walitumia miaka mingi na fedha nyingi kujenga ukuta mkubwa wa bandari. Walipoamua kuondoka mwaka 1684 waliubomoa wenyewe kwa makusudi, ili asifaidike nao atakayewafuata. Ukuta wa namna hiyo ulirudi katika historia mwaka 1940 huko Dunkirk, Ufaransa, ambako askari wa Uingereza na washirika wake walikuwa wamezingirwa na Wajerumani, pale Nahodha William Tennant alipoona kwamba ufukwe una kina kifupi mno kwa meli kubwa, akaagiza meli zifunge kwenye ukuta wa mashariki wa bandari, wenye njia nyembamba ya mbao juu yake, ingawa haukujengwa kwa kupakia watu. Zaidi ya askari 338,000 waliokolewa hadi tarehe 4 Juni, na walio wengi walipandia bandarini, si ufukweni.

Wanasayansi wa karne ya 17 walipohitaji jina la chembe ndogo ya maada, walichukua "mōlēs" wakaipa kiambishi cha udogo, ikawa kitungamo, yaani "molécule" kwa Kifaransa na molekuli kwetu. Karibu na mwisho wa karne ya 19 mkemia Wilhelm Ostwald, mzaliwa wa Riga aliyefundisha Leipzig, alilikata neno hilo kwa Kijerumani likawa "Mol". Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya shule hulipita upesi mno. Leo mwalimu hueleza kipimo hiki kama hesabu ya chembe: moli moja ni idadi maalumu ya molekuli au atomi. Ostwald hakumaanisha hivyo, kwa sababu wakati ule hakuwa amekubali kwamba atomi zipo kweli. Alishawishika takriban mwaka 1909, baada ya majaribio ya wengine kumwondolea shaka. Kwake "Mol" ilikuwa uzito, kiasi cha dutu chenye gramu nyingi sawa na uzito wake wa kimolekuli, na kwa hiyo alikuwa karibu sana na maana ya kale ya tungamo kuliko alivyo mwanafunzi wa leo.

Hesabu ilikuja kutawala baadaye. Mwanasayansi Amedeo Avogadro wa Turin, Italia, alikuwa ametoa dhana mwaka 1811 kwamba ujazo sawa wa gesi yoyote, kwa halijoto na kanieneo ileile, una idadi sawa ya molekuli. Mwaka 1909 mwanafizikia Mfaransa Jean Perrin akapendekeza idadi iliyomo katika moli ipewe jina la Avogadro. Mwaka 1971 moli iliingizwa katika mfumo wa kimataifa kuwa kipimo cha msingi cha saba, ikifungwa na gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 haifungwi tena na uzito wa kaboni, bali na idadi yenyewe: 6.02214076 × 10²³. Gramu 18 za maji, ambazo ni zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha mezani, zina molekuli karibu idadi hiyo. Na kule Turin, alikozaliwa Avogadro mwaka 1776 na alikofia mwaka 1856, jengo linalotambulisha mji, lenye kimo cha zaidi ya mita 167, huitwa Mole Antonelliana, yaani tungamo la Antonelli, kwa jina la msanifu aliyelianza mwaka 1863. Waitaliano wameliweka kwenye sarafu yao ya senti 2 za euro. Kwa hiyo mji wa mtu ambaye jina lake limeambatana na kipimo cha moli unajitambulisha kwa neno lilelile lililozaa kipimo hicho, na sijui mfano mwingine ambapo udugu wa maana mbili zilizoachana hivyo unaweza kuonekana kwa macho.

Mzizi wa pili wa Kilatini ni "mola", wenye irabu fupi, jiwe la kusagia nafaka. Mrumi hakuweza kulichanganya na "mōlēs", kwa kuwa urefu wa irabu katika lugha yake ulitenganisha maana. Kiingereza ndicho kilichoufuta mpaka huo. Msomaji wa Kiswahili naye asilihusishe na jina Mola, ambalo tumelipata kutoka Kiarabu. Kutoka kwenye jiwe la kusagia Kiingereza kilipata jina la gego, "molar", na jina la kinu chenyewe, "mill". Maana ya kitabibu ni ya zamani sana: madaktari wa Kigiriki waliliita kwa neno lao la jiwe la kusagia donge linalokua katika mji wa mimba mahali pa mtoto, na Kilatini kikatafsiri. Leo inajulikana kwamba chanzo ni kasoro katika utungaji wa mimba, inayofanya tishu za kondo la nyuma zikue kupita kiasi na kuwa vifuko vingi vidogo vyenye maji. Kiswahili cha hospitalini kimeliangalia jambo kwa jicho lake, kikauita ugonjwa huu mimba zabibu, kwa kuwa vifuko hivyo huonekana kama kichala cha zabibu. Nalipenda jina hili kuliko la Kiingereza, kwa sababu linamwonyesha mgonjwa kile daktari anachokiona, na mgonjwa anayeelewa ana sababu ya kurudi kliniki kupimwa homoni hata baada ya mji wa mimba kusafishwa, maana tishu zikibaki zinaweza kugeuka saratani.

Mchuzi wa Mexico hautuchukui muda mrefu. Waazteki waliita mchuzi au kitoweo "mōlli". Wahispania walilipokea kama "mole", na neno hilo limo katika kamusi ya Kinahuatl ya mtawa Alonso de Molina ya karne ya 16. Lenyewe likiungana na jina la parachichi, "āhuacatl", ndilo lililotoa "guacamole". Hutamkwa kwa silabi mbili, mo-le, kama Mswahili anavyolisoma bila kufundishwa. Mtego uko kwenye Kihispania, chenye kitenzi "moler", kusaga, kutoka mzizi uleule wa jiwe la kusagia. Kwa kuwa pilipili, ufuta, karanga na viungo vya mchuzi huu husagwa juu ya jiwe liitwalo metate, wengi huamini kwamba jina limetoka kwenye kusaga. Maelezo hayo yanapendeza, yana jiwe na yana kusaga, lakini Waazteki walikuwa na neno lao kabla Mhispania wa kwanza hajatia mguu pwani yao.

Kwa mtafsiri wa Kiswahili, mizizi hii mitano ina faida ya moja kwa moja, kwa sababu lugha yetu haikurithi mkanganyiko wake. Moli ni ya kemia, doa au baka ni la ngozi, ukuta wa bandari unajieleza, jasusi ana jina lake, na mchuzi unaweza kubaki na jina lake la kigeni. Hatari iko kwenye fuko peke yake, kwa kuwa neno hili nalo ni homonimu: ni mnyama, na ni mfuko mkubwa, na kwa maana hiyo ya pili tunasema fuko la uzazi. Anayetafsiri karatasi ya maelezo ya wagonjwa kisha akaandika fuko kila anapokuta "mole" atakuwa ameupa ugonjwa jina la mji wa mimba wa mama, na msomaji hatajua kwamba sentensi ina kosa, kwa sababu itasomeka vizuri. Katika karatasi za aina hiyo mimba zabibu liandikwe wazi kila mara, hata pale ambapo Kiingereza kimetosheka na herufi nne.